Anakuja au Anakwenda

Melkiori tulimzika mlimani mwaka huu, mvua zikiwa zimeshika. Nilipanda kwa gari la kukodi mpaka barabara ilipogoma, halafu nikaendelea kwa mkongojo na miguu yangu hii ambayo goti moja limeshanikana. Watu walinipita wakishuka sokoni na mizigo ya karoti na kabichi, wakaniamkia bila kupunguza mwendo, nami nikaitikia marahaba huku natafuta pumzi. Wageni wakifika Uluguru hutazama milima. Mimi nilitazama visigino. Nilitazama jinsi mwenye mzigo anavyoutanguliza mguu, anavyoupinda mgongo kidogo ili kabichi zisimtangulie bondeni. Nimechora watu kwa kazi tangu ujana. Watoto wengi wa nchi hii wamejifunza kusoma wakiwatazama akina mama wangu wanaotwanga na akina baba wangu wanaolima. Mpaka leo siwezi kumwona mtu amesimama nisimuulize kimoyomoyo lile swali nililofunzwa Mafiga nikiwa msichana: wewe, unakuja au unakwenda?

Habari za nilizaliwa wapi na baba yangu alikuwa nani naziruka. Wanaozijua wanazijua, na wasiozijua hawatapungukiwa kitu. Nataka kuueleza mwaka mmoja tu, mwaka ambao neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu Morogoro lilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, sabuni za kunukia ruksa, redio zenye spika mbili ruksa. Mtu aliyekuwa na chumba cha uani alitoboa dirisha upande wa barabarani, akaweka biskuti na viberiti, akakiita duka. Na kila duka lilitaka kibao, na kila kibao kilitaka mtu ndani yake. Saluni ilitaka mwanamke aliyegeuza shingo ili nywele zionekane, bucha lilitaka bwana mwenye kisu, baa ilitaka mheshimiwa ameinua glasi. Watu wale hawakujichora. Tuliwachora sisi, na kwa mara ya kwanza nikawa nanunua nyama kwa jasho langu.

Karakana yetu, mtaani Mafiga, ilikuwa katika jengo lililowahi kuwa duka la ushirika. Rafu zilikuwa bado zipo, tupu, na kuta zilinuka sabuni ya mche na mafuta ya taa hata baada ya sisi kuzipaka rangi upya. Mwenye karakana alikuwa Mzee Shomari, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa, ambaye kabla ya hapo alikuwa mchoraji wa vibao vya usalama kiwandani: mtu anayeteleza kwenye mafuta, mtu anayeporomoka kutoka kwenye ngazi. Kisha kiwanda kikapunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Alikuwa akisema, bila kucheka, "Nimechora watu wanaoanguka mpaka nikaangushwa mimi." Tulikuwa watatu chini yake. Mimi, Mwanaidi, niliyepokelewa kwa sababu nilijua kuchora nywele. Elifasi, kijana wa mjini kwelikweli, suruali imembana na maneno hayamwishi mdomoni, aliyechora katuni za magazeti mapya ya Dar na kwenda kumkabidhi kondakta wa basi pale Msamvu bahasha zake kama mtu anayesafirisha mtoto. Na Melkiori.

Melkiori alishuka kutoka kijiji cha misheni juu ya Mgeta. Huko alikuwa akipaka rangi upya sanamu za kanisani, midomo ya malaika na majoho ya watakatifu, na labda ndiyo sababu alikuwa na utulivu ule. Unaweza kukaa naye chumba kimoja asubuhi nzima usikumbuke kama yupo. Kila aliporudi kutoka kwao alileta magimbi, tukayachemsha kwenye sufuria nyeusi nyuma ya jengo, tukayala kwa chumvi na pilipili na chai ya rangi. Elifasi alimtania kwamba Waluguru wangeweza kujenga nyumba kwa magimbi. Melkiori alitabasamu, akamsogezea kubwa zaidi.

Jumamosi kazi ilipokwisha tulikuwa na ada yetu, nayo iliitwa kusimamishwa. Kila mmoja alibandika ukutani picha ya mtu aliyemchora wiki ile. Mzee Shomari alichukua timazi, ule uzi wa waashi wenye chuma mwishoni, akaushikilia kwenye kishimo cha koo cha mtu wa kwenye picha, akauacha uning'inie. Chuma kikiangukia katikati ya nyayo, mtu amesimama. Kikiangukia nje, ataanguka. Kisha, na hapa ndipo palipokuwa na kicheko, mwenye picha aliambiwa, "Haya, simama." Alipaswa kusimama mbele yetu vilevile alivyomchora mtu wake, mguu kwa mguu, kidole kwa kidole, mbele ya kioo kirefu kilichonunuliwa kwa fundi cherehani aliyehama, kioo ambacho upande mmoja kilikuwa kimemeguka, pamebaki ubao mtupu. Ukiweza kusimama, picha imepita. Ukianguka, picha ni ya uongo, irudie.

Tulisemana bila huruma. "Dada Mwanaidi," Elifasi aliniambia siku moja, akiwa amemwinamia mwanamke wangu wa saluni, "huyu demu wako hana kiuno, ana bawaba." Nami nikamwuliza kuhusu jambazi wake wa gazetini, "Na huyu wako anakimbia au anatafuta choo?" Mzee Shomari hakutukana picha ya mtu. Yeye alikuwa na swali moja tu, na tuliliogopa kuliko matusi. Alisimama mbali kidogo, akafumba jicho moja, akauliza, "Huyu anakuja au anakwenda?" Maana yake ni kwamba mtu wa kweli, hata akisimama, mwili wake umeshaamua jambo. Ukiona haujaamua, hujachora mtu, umechora nguo.

Picha ninayotaka kuisimulia ilibandikwa Jumamosi moja ya kiangazi. Elifasi alikuwa akitafuna muhogo, akaacha kutafuna. Ilikuwa picha ya mkaa, kubwa, ya mwanamume aliyesimama kwenye njia ya mteremko. Uso haukuonekana, ulikuwa kivulini mwa kofia. Miguu yake ilielekea bondeni, kama mtu anayeondoka nyumbani. Lakini kuanzia kiunoni alikuwa amejisokota, mabega yamegeukia mlimani, na mkono wa kushoto ameunyoosha juu ya mteremko, kiganja wazi. Mkono wa kulia ulikuwa umefumba ngumi, na ndani ya ngumi hamkuwa na kitu. Nilihisi baridi shingoni, wala sitafuti maneno mazuri zaidi ya hayo. Nilijua kwamba mtu yule ametuona.

Mzee Shomari alishusha timazi. Chuma kiliangukia nje kabisa, hewani, upande wa ule mkono. "Anaanguka," alisema.

"Hakuanguka," alisema Melkiori.

"Miguu inakwenda, mabega yanakuja. Na hii ngumi ya nini? Kashika nini?"

"Sijui, mzee. Ndivyo ilivyokuwa."

"Na nani humpa mtu mkono wa kushoto?" niliuliza mimi. "Huko kwenu mlimani hamkufundwa? Mgeuze, mpe wa kulia, mwili utakaa sawa."

Melkiori alinitazama kama mtu anayeombwa auze kitu cha marehemu. "Siwezi kumgeuza, dada," alisema. "Huyu ni mjomba wangu."

Hapo ndipo alipotueleza, kwa sentensi fupifupi, huku anajipangusa mkaa vidoleni. Mjomba wake Gaspari aliondoka nyumbani yeye Melkiori akiwa mdogo, akashuka kwenda Kisaki kutafuta kibarua upande wa reli, asirudi. Hakuna aliyeleta habari. Wengine walisema porini, mnyama; wengine walisema kaoa huko, kasahau kwao. Na kwa Waluguru mjomba si mtu wa kusahauliwa hivihivi. Ukoo ulitaka aliliwe, matanga yaanuliwe, jina lake apewe mtoto aliyezaliwa, shamba lake lipate mwenyewe. Lakini bibi yake Melkiori, mama yake Gaspari, alikataa. Alisema hawezi kumlilia mtu anayemwona. Kila asubuhi ya ukungu, alisema, mwanawe husimama pale njiani chini ya nyumba, wala hawezi kutambua kwa umbali ule na macho yale ya uzee kama anakuja au anakwenda.

Elifasi alisema polepole, "Acha masihara, Melki."

"Bibi ndivyo anavyouliza. Kwa maneno hayo hayo. Niliposikia mzee naye anauliza hivyo hapa, siku ya kwanza, nilitaka kukimbia." Aliitazama picha. "Anasema nimletee mwanawe alivyosimama. Uso hautaki, uso anaujua. Akishaona alivyosimama atajua kama amngoje au amlilie. Nami nakumbuka alivyosimama. Sikumbuki kingine chochote, ila hicho nakikumbuka."

Tangu siku ile picha haikutoka ukutani. Tulifanya kazi nyingine, vibao vya watu vikaisha vikalipwa, na yule mtu akabaki pale ananyoosha mkono wake wa kushoto kuelekea kwenye rafu tupu. Nilianza kukaa mahali ambapo sitaupitia mkono ule nikienda kuchukua maji. Sikumwambia mtu, nikadhani ni uoga wangu wa kike. Kisha nikagundua kwamba Elifasi naye anazunguka, anapita nyuma ya meza, na Mzee Shomari, mtu aliyehiji, naye anazunguka. Njia ilijichora sakafuni, kwenye vumbi la chokaa, ikikwepa mahali ambapo hapakuwa na kitu. Siku moja mteja mwenye baa alikuja kuchukua kibao chake, akapita moja kwa moja pale tunapopakwepa, na sote tukainua vichwa. Yule bwana alisimama, akajipangusa bega, akauliza kama paa linavuja.

Tulijaribu kuirekebisha kwa ufundi, kwa maana hatukujua njia nyingine ya kumsaidia rafiki yetu. Kila Jumamosi tulisimama kama Gaspari. Elifasi alisimama akaangukia ndoo ya chokaa, akatoka mweupe mpaka kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza katika mwezi ule tulicheka. Mimi nilisimama nikaanguka. Melkiori alisimama, akaanguka upande uleule, akanyanyuka, akaanguka tena, goti likachubuka. Nilimwomba asogeze mguu kidogo tu, unene wa kidole. Ukisogea mbele, yule mtu anakwenda, na bibi atalia na kupumzika. Ukirudi nyuma anakuja, na bibi atangoja mpaka afe. "Unaona?" Melkiori alinijibu. "Sasa unataka mimi niamue? Kwa unene wa kidole?" Vijana tulidhani kuchora ni mchezo wa mikono; siku hiyo nilijua kuna mistari ambayo mtu hana haki nayo.

Aliyelifungua fumbo alikuwa Mzee Shomari. Alasiri moja aliketi muda mrefu akiizungusha timazi kidoleni, kisha akasema, "Melkiori, simama. Usijizuie kuanguka." Melkiori akasimama mbele ya kioo, akajisokota, akanyoosha mkono wa kushoto, akaanza kwenda chini. "Mwanaidi, mpe mkono!"

Nikakimbia nikampa. Kiganja changu kilikutana na chake, mwili wake ukatua juu ya mkono wangu, akasimama. Akasimama sawasawa. Mguu, kiuno, shingo, kila kitu kilichokuwa uongo kikawa kweli. "Ala!" alisema Elifasi. Nami nikageuka kutazama kiooni, kwa mazoea. Nilikuwa upande ule uliomeguka, kwenye ubao mtupu, kwa hiyo kiooni sikuwemo. Alikuwemo Melkiori peke yake, ameegemea hewa, haanguki. Tulikuwa na sababu ya jambo lile, kioo kibovu, na sababu hiyo naijua mpaka leo. Haikunisaidia. Nilitaka kuuvuta mkono wangu, nikaogopa kwamba nikiuvuta ataendelea kusimama.

"Basi," alisema Mzee Shomari, sauti imemshuka. "Hakuwa peke yake. Palikuwa na mtu juu yake kwenye mteremko, mjomba wako anamshusha."

"Hapakuwa na mtu," alisema Melkiori.

"Palikuwa na mtu, kijana. Timazi haidanganyi."

Elifasi aliuliza kama tumwongeze huyo mtu kwenye picha, na Mzee Shomari akakataa katakata. Hatukumwona, alisema, na hatumchori mtu tusiyemwona. Tukaacha nafasi. Melkiori aliinyunyizia picha maji ya wanga ili mkaa ushike, akaikunja ndani ya shuka, na Ijumaa iliyofuata nikapanda naye mlimani, kwa sababu hakutaka kwenda peke yake na Elifasi alidai ana bahasha ya kupeleka Msamvu. Bahasha gani siku ile, hata leo hajanieleza.

Nyumba ya bibi yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, jikoni kando, na mbele yake njia ilishuka ghafla kama mtu aliyesukumwa. Udongo wake ulikuwa mwekundu, wenye utelezi hata kiangazi kwa sababu ya ukungu. Nilipouona mteremko ule nilisimama. Nilizijua kona zake zote, kutokana na picha. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, mdogo, amejifunika kaniki, fimbo nyeusi magotini. "Shikamoo bibi," nilisema, na akaitikia akaniuliza kama huko mjini bado tunakula au tunauza tu. Alichanganya Kiluguru na Kiswahili, Melkiori akinitafsiria, ingawa alipotaka nielewe nilielewa bila mkalimani. Tulipewa magimbi ya nazi na kisamvu. Jikoni wajomba wengine na shangazi walizungumza kwa sauti ya watu wanaojifanya hawataki kusikika. "Mtoto atakaa bila jina mpaka lini?" alisema mwanamume mmoja. Mwanamke akajibu, "Msimlazimishe mama. Anayemwona ni yeye." Mwingine akasema neno lililonikaa: "Si yeye peke yake anayemwona. Wengine wananyamaza tu." Kisha kukawa na mlio wa mwiko tu.

Tulipomaliza kula, Melkiori alikunjua shuka akaishika picha mbele ya bibi, mwangani, pale mlangoni. Bibi aliisogelea, akaitazama kwa karibu sana, pua ikikaribia mkaa. Alianzia miguuni. Akapanda kiunoni, mabegani, akafika kwenye ule mkono, akasimama hapo. Sote tulingoja. Wajomba walikuwa wametoka jikoni.

"Mkono wa kushoto," alisema.

"Tulisema amgeuze, bibi," niliropoka. "Tulimwambia hakuna anayempa mtu mkono wa kushoto."

"Kila siku nilimgombeza." Alikuwa akiongea na picha, wala si na mimi. "Hapa penye utelezi hakupita akaniacha nyuma. Anatangulia, anasimama, anageuka, ananipa mkono nishuke. Mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia kashika fimbo. Nikimwambia, wewe Gaspari, mama yako unampa mkono wa kushoto? Anacheka. Anasema, mama, kwani unataka adabu au unataka kufika?" Kisha akaweka kidole kwenye ile ngumi tupu, kwa upole, kama anavyogusa mtu kidonda cha mwingine. "Fimbo hana."

"Nimesahau kuichora, bibi."

"Hukusahau." Akainua ile fimbo nyeusi iliyokuwa magotini pake. "Aliniachia mimi siku anaondoka. Hii hapa."

Kuku alipita katikati yetu, akadonoa, akaenda zake. Bibi akarudi kuketi, akajifunika vizuri, akauliza lile swali, akajijibu mwenyewe. "Anakuja au anakwenda? Haji. Wala haendi. Ameshashuka, kanisimamia huko chini anipe mkono." Akavuta pumzi. "Basi alishafika kabla yangu. Mwanangu amekufa." Na akaanza kulia, kwa sauti kubwa, sauti ambayo nadhani alikuwa ameiweka tangu Gaspari aondoke, na wanawake wakaja mbio kutoka kila nyumba, nami nikalia pamoja nao mtu nisiyemjua. Siku ileile walitandika mikeka. Mtoto akapewa jina.

Tuliposhuka siku ya pili Melkiori alitembea mbele yangu mpaka tulipofika chini ya makorongo. Hapo akaniambia jambo ambalo hakuwaambia wengine. Asubuhi aliyomwona mjomba wake amesimama vile, mjomba alikuwa ameshaondoka zamani. Mvua zilikuwa zimepita msimu mzima, migomba aliyoipanda Gaspari ilikuwa imezaa. Bibi alikuwa ndani, jikoni, anapuliza moto. Alikuwa anamsikia anakohoa. Naye Melkiori akiwa mlangoni alimwona mjomba ananyoosha mkono kwa hewa tupu, ngumi imefumba hewa tupu, anangoja. "Nilidhani ananiita mimi," aliniambia. "Nilikimbilia ndani." Ndiyo sababu hakumgeuza hata unene wa kidole.

Bibi alikufa masika yaliyofuata. Alikuwa hawezi tena kutoka mlangoni bila kushikwa, lakini walimkuta chini ya mteremko, ameketi kwenye jiwe, fimbo ameiacha nyumbani. Mvua ilikuwa imenyesha, na watu wazima walioshuka kumfuata walianguka njiani mmoja baada ya mwingine. Kanga yake haikuwa na tope hata kidogo. Mzee Shomari alipoambiwa alisema Inna lillahi, akaenda akaning'iniza timazi mahali pake, na Jumamosi ile hatukusimamisha mtu. Mwaka uliofuata karakana ilifungwa, mashine za kuchapisha vibao zilikuwa zimeingia mjini, kila mmoja akashika njia yake. Mzee Shomari naye ni marehemu sasa. Elifasi yuko Dar, mnene, anachora matangazo ya simu, na kwenye msiba huu alituma rambirambi yake kwa simu hiyohiyo. Bado anazunguka nyuma ya meza, kuukwepa ule mkono.

Baada ya maziko, Agnesi, mjane wa Melkiori, aliniingiza kwenye chumba cha mbele nipumzishe goti. Picha ilikuwa ukutani ndani ya fremu, moshi wa miaka umeifanya rangi ya chai. Agnesi aliniambia kwamba siku zake za mwisho mumewe alikataa kufunikwa mkono wa kulia. Alimfunika, akautoa. Alimfunika, akautoa, kiganja juu. Alidhani ni joto la ugonjwa. Kisha akaenda kuangalia vyungu, nikabaki peke yangu na Gaspari, mchana kweupe, mvua inapiga bati, watu wananong'ona barazani.

Nilimkagua kama nilivyofunzwa. Miguu inakwenda, mabega yanakuja, uzito nje. Sijui kilichonisukuma, nadhani ni majonzi, kwamba nilitaka kufanya kitu kimoja tu ambacho tulikuwa tukikifanya sote wanne. Niliegemeza mkongojo wangu kwenye kiti. Nikapanga miguu, nikajisokota mpaka goti likalia, nikafumba ngumi ya kulia, nikanyoosha mkono wa kushoto, nikauacha mwili uende.

Sikuanguka.

Nilisimama pale, mwanamke wa umri wangu, mwenye goti bovu, nimeegemea upande usio na kitu, na nilikuwa nimesimama sawasawa. Kiganja kilikuwa na baridi ya ukungu. Niliogopa, na ndani ya ule uoga nilifarijika mno, kwa sababu nilimjua mwenye mkono. Vidole vyake vilikuwa bado na ule ukavu wa mkaa. Nje mtu aliita jina langu, chakula tayari. Nikauvuta mkono polepole, kwa adabu, nikachukua mkongojo wangu.

"Bado, Melki," nilisema. "Bado kidogo."